Urithi wa Taifa Haulindwi na Sheria Peke Yake

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma.)



Taifa lolote lina mali za aina mbili. Iko mali ambayo ikipotea leo yaweza kutafutwa tena kesho: fedha, mazao, mitambo, hata majengo ya ofisi. Na iko mali ambayo ikipotea mara moja imepotea kwa vizazi vyote. Magofu ya Kilwa Kisiwani yakianguka, hakuna bajeti itakayoirudisha Kilwa aliyoitembelea Ibn Battuta mwaka 1331. Nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa katika majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita, zikifutika hakuna atakayezikanyaga upya. Mali ya aina hii ya pili ndiyo inayoitwa urithi wa taifa, au kwa neno linalotumika siku hizi, malikale.

Kwa sababu mali hiyo haina mbadala, kila nchi yenye kujiheshimu hutunga sheria ya kuilinda. Lakini sheria ni chombo tu, kama jembe au panga. Faida yake hutegemea mkono ulioishika. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama sheria ya kulinda urithi ipo. Inapasa kuuliza pia inalinda nini, kwa faida ya nani, na nani anaitekeleza. Historia ya Tanzania ina majibu ya maswali hayo, na majibu mengine ni machungu.

SHERIA MIKONONI MWA MKOLONI

Wako watu wanaodhani kwamba mali za kale za nchi hii zilichukuliwa wakati wa ukoloni kwa sababu hapakuwa na sheria. Dhana hiyo si sahihi. Mkoloni alikuwa na sheria, na aliitumia barabara.

Mfano ulio wazi ni Tendaguru, katika Mkoa wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, mamia ya vibarua Waafrika walichimbua mahali hapo mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, wale wanaojulikana kama dinosaria. Mifupa hiyo, yenye uzito wa zaidi ya tani 200, ilibebwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi hadi bandari ya Lindi, na kutoka hapo ikasafirishwa kwa meli hadi Ujerumani. Mmoja wa mijusi hao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937, na hadi leo watu hutoka pembe zote za dunia kwenda kumtazama. Haya yote hayakufanyika kwa kuvizia usiku. Utawala wa Kijerumani uliitangaza ardhi ya Tendaguru kuwa mali ya Dola, ili asiwepo mwingine wa kuchimba bila idhini yake. Sheria ilikuwepo, na ililinda kikamilifu. Ila iliyalinda maslahi ya mtawala, na mwenye ardhi akabaki kuwa mpagazi wa mali yake mwenyewe.

Mfano wa pili ni fuvu la Mkwawa, Mtwa wa Wahehe. Mwaka 1898 shujaa huyo alijiua kuliko kukubali kukamatwa na Wajerumani. Kichwa chake kilikatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliweka katika ibara yake ya 246 sharti kwamba Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo katika muda wa miezi sita. Jambo linalostahili kuangaliwa ni kwamba mkataba haukusema fuvu lirudishwe kwa Wahehe. Ulisema likabidhiwe kwa Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Miezi sita ikapita, ikapita na miaka 35. Ilikuwa mwaka 1954 ndipo Gavana Edward Twining alipolikabidhi fuvu hilo kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa huko Kalenga, Iringa.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba hata mataifa makubwa yalikiri, zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwamba kitu kilichonyakuliwa kwa mabavu yaweza kudaiwa kwa sheria. La pili ni kwamba haki iliyoandikwa, ikiwa mwenyewe hana sauti ya kuidai, hulala katika karatasi.

SHERIA YA TAIFA HURU

Waingereza walitunga mwaka 1937 sheria ya kuhifadhi majengo na mahali pa kale katika Tanganyika. Uhuru ulipopatikana ilidhihirika kwamba ulinzi wa namna hiyo haukutosha. Mwezi Desemba mwaka 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1964 ikatungwa Sheria ya Mambo ya Kale, ambayo ilirekebishwa mwaka 1979. Kila mtumishi wa umma anapaswa kuijua sheria hiyo japo kwa muhtasari.

Kwanza, sheria inavilinda vitu vilivyotengenezwa kwa mikono ya watu kabla ya mwaka 1863, pamoja na mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Vilevile inayalinda majengo na mahali pa kale, yakiwemo mapango na miamba yenye michoro.

Pili, inavilinda vitu vingine ambavyo havina umri mkubwa hivyo, lakini vinabeba ustadi na mila za wananchi. Miongoni mwake ni milango ya mbao na miimo yake iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Watu wengi wa pwani hupita kila siku mbele ya milango ya namna hiyo bila kujua kwamba imetajwa katika sheria za nchi.

Tatu, inakataza kuchimba mahali pa kale, au kuvitoa vitu hivyo nje ya nchi, bila kibali cha Serikali.

Nne, inamtaka mtu anayegundua kitu cha kale atoe habari kwa wenye mamlaka.

Kwa upande wa Zanzibar, mambo ya kale si jambo la Muungano, na Visiwani kuna sheria zake. Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 1994 ikatungwa sheria mahususi ya kuuhifadhi mji huo.

Tofauti kati ya sheria ya mkoloni na nguvu ya taifa huru ilionekana mapema. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aligundua katika Bonde la Olduvai fuvu la kiumbe wa kale aliyepewa jina la Zinjanthropus. Fuvu hilo lilipelekwa Nairobi kwa uchunguzi. Lakini mwaka 1965 lilirudishwa Tanzania na kuwekwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mifupa ya Tendaguru na fuvu la Olduvai vyote vilitoka katika ardhi ya nchi moja, na vyote viliondolewa kwa jina la sayansi. Kimoja kilirudi, kingine hakijarudi. Kilichovitofautisha ni kwamba fuvu lilikuwa na taifa huru la kulipokea.

KINYAGO KILICHORUDI KAMA ZAWADI

Hata hivyo uhuru na sheria nzuri havikuyamaliza matatizo. Mwaka 1984 wezi walivunja na kuiba katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Miongoni mwa vitu vilivyoibwa kilikuwemo kinyago cha Kimakonde. Mwaka 1985 kinyago hicho kilinunuliwa na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller lililoko Geneva, Uswisi, ambalo lilieleza kwamba lilikinunua kwa nia njema, bila kujua kuwa ni mali ya wizi. Mwaka 1990 msomi mmoja Mtaliano, Profesa Enrico Castelli, alikitambua na kutoa habari kwamba ni mali ya Tanzania.

Mtu asiyejua mambo ya sheria angetazamia kwamba kinyago kingerudishwa mara moja. Haikuwa hivyo. Kilirudi mwaka 2010, baada ya miaka 20 ya barua na mazungumzo, na baada ya shauri kufikishwa mbele ya kamati ya UNESCO inayoshughulikia madai ya namna hiyo. Na hati iliyotiwa sahihi mwezi Mei mwaka huo mjini Paris haikusema kwamba mali iliyoibwa inarejeshwa kwa mwenyewe. Ilisema kwamba kinyago kinatolewa kama zawadi.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Jibu limo katika sheria za mataifa. Mwaka 1970 UNESCO ilipitisha Mkataba wa kuzuia uingizaji, utoaji na uhamishaji haramu wa mali za utamaduni. Tanzania iliuridhia mwaka 1977. Uswisi, ambayo ni moja ya masoko makubwa ya sanaa duniani, iliuridhia mwaka 2003. Nao Mkataba hauangalii nyuma: unazifunga nchi mbili kwa mambo yaliyotokea baada ya zote mbili kuuridhia. Kwa hiyo wizi wa mwaka 1984, ingawa ulitokea miaka saba baada ya Tanzania kujifunga, ulikuwa nje ya wajibu wa Uswisi. Zaidi ya hayo, sheria ya Uswisi ya wakati ule ilimpa mtu aliyeibiwa muda wa miaka mitano tu kukidai kitu chake kutoka kwa mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Kinyago kilipotambuliwa, muda huo ulikuwa tayari umekwisha. Ni sheria mpya ya Uswisi, iliyoanza kutumika mwaka 2005, iliyouongeza muda huo hadi miaka 30 kwa mali za utamaduni.

Mtu aweza kusema kwamba muhimu ni kinyago kurudi, na neno lililoandikwa katika hati si kitu. Hoja hiyo ina uzito, kwani wawakilishi wa nchi walikuwa na budi ya kuchagua kati ya kinyago na neno, nao wakachagua kinyago. Walichagua vizuri. Lakini ni lazima umma uelewe gharama yake. Anayepokea zawadi hutakiwa kushukuru. Anayerudishiwa mali yake hana deni kwa yeyote. Mkataba wa kimataifa unaoridhiwa na nchi maskini zilizoibiwa, huku nchi zenye masoko zikikawia, ni sawa na mlango wenye komeo upande mmoja tu.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu unafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila ofisi ya utamaduni. Mkataba wa mwaka 1970 wenyewe unasema jambo hilo hilo kwa lugha ya wanasheria: wajibu wa kurudisha kitu kilichoibwa katika makumbusho unahusu kitu ambacho kinathibitishwa kuwa kimo katika orodha ya makumbusho hayo. Maana yake ni kwamba kitu kisichoandikwa, mbele ya sheria, ni kama hakikuwepo.

Kinyago cha Kimakonde kilikuwa na makumbusho nyuma yake, na bado dai lake lilichukua miaka 20. Je, itakuwaje kwa vitu ambavyo havijaingia makumbusho? Sehemu kubwa ya urithi wa taifa haimo katika makabati ya vioo. Imo majumbani, misikitini na makanisani, makaburini, katika mapango ya matambiko, na mikononi mwa wazee. Kigoda cha chifu, ngoma ya ukoo, msahafu ulioandikwa kwa mkono, mlango wa nyumba ya babu: vitu hivi havina namba, havina picha, wala havina daftari. Siku mzee akifariki, au siku familia ikikosa karo ya mtoto, anatokea mchuuzi mwenye fedha taslimu. Kitu kinaondoka, na hakuna mtu nje ya nyumba hiyo anayejua kwamba kilikuwepo.

Katika biashara hiyo, anayeonwa kwanza na mkono wa sheria mara nyingi ni mwanakijiji aliyeuza kwa shida, naye ndiye aliyepata kidogo kuliko wote. Mchuuzi wa kati hupata zaidi, na mnunuzi wa mwisho huko ng'ambo hupata heshima ya kuitwa mpenzi wa sanaa. Sheria inayomwadhibu wa kwanza na kuwaacha wawili waliobaki haijaulinda urithi. Imemwongezea mnyonge adhabu juu ya umaskini wake.

SHERIA NA IMANI ZA WANANCHI

Liko jambo lingine gumu zaidi, nalo linaonekana vizuri katika Wilaya ya Kondoa. Mapango na miamba ya huko yenye michoro, katika mahali zaidi ya 150, iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lakini wananchi wa huko hawakusubiri UNESCO iwaambie kwamba mahali hapo ni patukufu. Mahali panapoitwa Mongomi wa Kolo, kwa mfano, wazee wameendelea kufanya matambiko ya kuomba mvua na ya kuponya wagonjwa. Katika matambiko hayo, vitu kama pombe na mafuta viliweza kurushwa au kupakwa penye mwamba.

Hapo mhifadhi na mwanakijiji hukutana uso kwa uso. Mhifadhi anaona mchoro unaoharibika, na sheria iko upande wake. Mzee anaona kwamba anazuiwa kufanya pale ambapo baba na babu yake walifanya, na anajiuliza: kama mahali hapa ni urithi wa taifa, je, yeye si mwenye taifa? Mzee akifukuzwa kwa nguvu, mchoro utapona kwa muda, lakini mahali patakuwa pamekosa mlinzi wake wa asili. Na walinzi wanahitajika, kwa maana katika miamba hiyo hiyo wamekuja watu kuchimba mashimo wakitafuta fedha na dhahabu wanazodai zilifichwa na Wajerumani. Askari mmoja wa mambo ya kale hawezi kulinda vilima vyote. Kijiji kizima chaweza.

Njia iliyo ya busara si kumchagua mmoja na kumtupa mwingine. Ni kukaa na wazee na kupatana mahali ambapo tambiko litafanyika bila kuugusa mwamba wenye michoro, na kumfanya mzee awe msimamizi wa mapatano hayo. Sheria ya mambo ya kale inayotekelezwa kwa namna hiyo huwa sheria ya wananchi. Inayotekelezwa kwa amri tupu hufanana, machoni pa mwanakijiji, na ile ya Tendaguru.

UFA NA UKUTA

Aidha, sheria haiwezi kuliamuru jiwe lisianguke. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na yamelindwa kwa sheria tangu zamani. Lakini bahari haisomi sheria. Mwaka 2004 magofu hayo yaliorodheshwa miongoni mwa urithi wa dunia ulio hatarini, kwa sababu ya kubomoka kwa kuta na kumomonyoka kwa ufuko. Zilihitajika fedha, chokaa, mafundi, na misaada ya mataifa rafiki, ndipo mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa magofu ya kale, ukuta ukishaanguka, utakaojengwa si ule tena.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mambo haya si ya historia tu. Mwaka 2023 uchunguzi uliofanywa Berlin juu ya mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni uliyahusisha 202 kati yake na maeneo ya Tanzania. Tarehe 1 Novemba mwaka huo huo, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, katika Makumbusho ya Maji Maji, na kuomba msamaha kwa maovu ya utawala wa Kijerumani. Mlango wa kudai umefunguka kuliko wakati wowote. Lakini atakayepita ni yule mwenye kumbukumbu: jina la ukoo, mahali, mwaka, na ushahidi wa wazee. Kumbukumbu hizo haziko Berlin peke yake. Nyingine ziko vijijini, vichwani mwa watu wanaozeeka.

Ofisa Utamaduni wa wilaya asingoje fedha za mradi ndipo aanze daftari. Daftari la kwanza ni kitabu cha kawaida na kalamu: kitu gani, kiko kwa nani, kinatumika kwa kazi gani, nani anajua habari zake. Picha ikipatikana, vizuri zaidi. Daftari hilo litunzwe kwa siri na uaminifu, lisigeuke kuwa orodha ya bei ya wachuuzi.

Mtendaji wa kijiji aijue sheria kabla ya kuruhusu shimo lichimbwe au jiwe la gofu libebwe kwenda kujengea nyumba. Mtumishi wa forodha ajue kwamba mlango uliofungwa kwa magunia waweza kuwa mali iliyokatazwa kutoka bila kibali. Hakimu, anapomsikiliza mwanakijiji aliyeuza kigoda, aulize pia kigoda hicho kilinunuliwa na nani.

Na mwalimu, ambaye kazi yake ni kubwa kuliko zote hizi, awatoe wanafunzi darasani. Karibu kila shule ya nchi hii ina gofu, kaburi, mti wa mkutano, pango au mzee mwenye habari mahali ambapo watoto waweza kwenda kwa miguu na kurudi. Mtoto aliyeandika kwa mkono wake historia ya mahali hapo hatakubali kirahisi, atakapokuwa mtu mzima, kuziuza mali zake.

Serikali imetunga sheria, na inao wajibu wa kuitazama upya na kuipa nguvu kila inapozeeka. Lakini mlinzi wa urithi ni mtu anayejua kwamba kitu ni chake, anayeweza kuthibitisha kwamba ni chake, na aliye tayari kusimama na kusema hivyo. Kazi ya kumpata mtu huyo iko mikononi mwa watumishi wa umma na walimu, na inaweza kuanza kesho asubuhi.